Redio ya betri ilivyoigawa Shinyanga kwa Simba na Yanga

KILA Simba au Yanga inapotua Shinyanga, kuna jambo linawashangaza wageni. Uwanja wa CCM Kambarage unafurika, watu wanamiminika kutoka Kahama, Kishapu na Maswa, lakini jezi zinazotawala majukwaani si za timu ya nyumbani. Ni nyekundu na nyeupe, au kijani na njano. Mwenyeji anaingia kwenye uwanja wake mwenyewe kama mtu aliyealikwa.

Stand United, Chama la Wana, imepitia hali hiyo. Mwadui imepitia. Geita Gold nayo ilipopanda Ligi Kuu ikaonja joto hilo hilo.

Wapo wanaosema ni usaliti. Wapo wanaosema mashabiki wa Kanda ya Ziwa wanapenda vya watu. Lakini ukitaka jibu la kweli usiende uwanjani, nenda kafungue stoo ya mzee yeyote wa Tinde, Didia au Nyarugusu. Humo utakuta redio ya bendi tatu iliyokatika antena, kanda zilizoota ukungu, na TV ya chogo ambayo siku hizi kuku ndiye anayeilalia.

Vitu hivyo ndivyo vilivyowalea mashabiki wa ukanda huu. Na ndivyo vilivyowachagulia timu kabla hawajafungua macho.

SAUTI MOJA, NCHI NZIMA

Kijana wa leo anaweza asiamini, lakini hadi mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga. Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970 mwanzoni, tena cha rangi. Huku Bara watu walikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, basi. Ukiitaka nyingine, ulihangaika na masafa mafupi kuitafuta BBC au Sauti ya Ujerumani.

Kutoka Shinyanga hadi Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao sasa unaitwa Uhuru, ni karibu kilomita 1,000. Kwa treni ya reli ya kati hiyo ilikuwa safari ya kulala njiani. Magazeti nayo yalipanda treni hiyo hiyo, kwa hiyo ya Jumatatu yalifika yakiwa na habari ambazo redio ilishazimaliza.

Maana yake ni moja. Mpira uliofika kijijini ni ule uliokuwa na maiki mbele yake. Na maiki, mara nyingi, ilikuwa Dar es Salaam, na mara nyingi zaidi ilikuwa kwa Simba na Yanga. Timu za mikoani zilisikika zaidi kwenye kusomwa matokeo, mstari mmoja, kisha mtangazaji anaendelea na mengine.

Mtoto wa mfugaji aliyekuwa akichunga ng'ombe hakuwahi kuiona Kariakoo, hajui Jangwani iko wapi wala Msimbazi inaelekea wapi. Lakini kikosi kizima alikuwa nacho kichwani, kuanzia kipa hadi winga wa kushoto. Jioni kwenye mpira wa makaratasi na kamba, huyu anajiita Kibadeni, yule anajiita Manara.

Hapo kuna kichekesho kimoja. Sunday Manara wa Yanga alibandikwa jina la utani 'Computer' kwa jinsi akili yake ilivyokuwa ikifanya kazi uwanjani. Kuna kizazi kizima cha watoto wa vijijini kilicholijua neno kompyuta kwa sababu ya mchezaji wa mpira, miaka mingi kabla ya kuiona kompyuta yenyewe.

BETRI ZINAANIKWA KAMA MAHINDI

Redio yenyewe haikuja kirahisi. Usukumani msimu wa pamba ndio uliokuwa na majibu. Pamba ikishauzwa kwenye chama cha ushirika, orodha ya manunuzi ilijulikana: bati, baiskeli, redio. Kijana aliyepata vyote viwili vya mwisho alifunga redio kwenye usukani wa baiskeli na kupita nayo kijijini taratibu, sauti juu, ili kila mtu ajue kwamba mambo yake safi.

Kimbembe kilikuwa betri. Redio nyingi zilikula betri kubwa tatu, nne hata sita, na duka lilikuwa mbali. Kwa hiyo nyumba yenye redio ilikuwa na sheria kali kuliko za FIFA. Redio inawashwa kwa taarifa ya habari, salamu na mpira. Mtoto aliyekutwa anasikiliza muziki Jumamosi asubuhi wakati saa 10 jioni kuna mechi, alikuwa ameyatafuta mwenyewe.

Betri zikianza kuchoka sauti inakuwa ya kukoroma. Hapo ndipo utaalamu wa kienyeji ulipoanza. Zinatolewa, zinaanikwa juani juu ya bati kama mahindi, au zinasogezwa karibu na jiko. Wengine walizitoboa kwa msumari na kuziwekea maji ya chumvi. Wengine walipanga betri chakavu nje ya redio, kichwa kwa mkia, wakazifunga kwa karatasi ngumu na kuunganisha waya.

Na mbinu hizo zilikuwa na mantiki yake. Betri za aina ile zikipumzishwa na kupata joto, kemikali yake hujikusanya tena kidogo na kutoa nguvu ya mwisho mwisho. Haikuwa nguvu ya kudumu siku mbili. Ilikuwa ya kutosha kipindi cha pili, na hicho ndicho kilichotakiwa.

Zikikata kabisa dakika ya 80 matokeo 1-1, kijiji kizima kilihamia redio mbao. Anatoka mtu senta na baiskeli anasema Simba kashinda. Anakuja mwingine anasema hapana, Yanga kasawazisha. Ukweli ulijulikana siku inayofuata, na kufikia hapo watu wawili walikuwa hawasalimiani.

MTANGAZAJI NDIYE ALIYEKUWA KAMERA

Katika mazingira hayo mtangazaji alikuwa kila kitu. Alikuwa kamera, marudio na mchambuzi. Majina kama Tido Mhando, Ahmed Jongo na Charles Hilary yalikuwa yanajulikana Shinyanga sawa na ya wachezaji.

Kazi yao ilikuwa ngumu kuliko ya leo. Mtangazaji wa runinga akinyamaza sekunde tano hakuna kinachoharibika, picha inaendelea. Wa redio akinyamaza sekunde tano, watu wanaipiga redio makofi wakidhani imezima. Ilibidi aseme mpira uko upande gani wa uwanja, nani anao, nani anamfuata, jezi za rangi gani, jukwaa gani limeinuka. Msikilizaji alikuwa anauchora uwanja mwenyewe kichwani.

Ndiyo maana mechi za zamani zinasimuliwa kwa utamu ambao hauishi. Julai 19, 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni akapiga matatu, mtu wa Shinyanga hakuona hata bao moja. Lakini muulize mzee aliyesikiliza siku hiyo, atakuelezea kila bao kama alikuwa amesimama nyuma ya goli.

Mwaka 1979 ndio balaa zaidi. Simba ilipigwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers ya Zambia kwenye Klabu Bingwa Afrika. Watu walizima redio, wakasema yameisha. Kisha Simba ikaenda Zambia na kushinda 5-0. Ukisikia mtu anasema usizime redio kabla mpira haujaisha, ujue somo hilo limetoka wapi.

Mwaka huo huo Peter Tino akasawazisha kule Ndola, sare ya 1-1 na Zambia ikaipeleka Taifa Stars kwenye Fainali za Afrika za 1980 Lagos, Nigeria. Stars ilisubiri miaka 39 kurudi tena, mwaka 2019. Aliyeyasikia yote mawili aliisikia ya kwanza kwenye redio ya betri, ya pili akaitazama kwenye kioo bapa ukutani.

Mapenzi yaliyojengwa namna hiyo hayabanduki. Mtu aliyeichora timu kichwani kwa miaka 20 bila kuiona, siku inapokuja Kambarage kwa miguu yake, unategemea ashangilie nani?

DAKIKA 45 UPANDE MMOJA

Baadaye ikaja redio kaseti, na mpira ukaanza kuhifadhika.

Mashabiki waliojua mambo walinunua kanda ya C-90. Jina hilo lina maana ya dakika 90, yaani dakika 45 kila upande. Ni kama waliotengeneza walikuwa wanawaza mpira. Kipindi cha kwanza upande A, mapumziko unageuza, kipindi cha pili upande B. Ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kucheza na kurekodi, mechi ni yako maisha yote.

Mwenye C-60 alikuwa na shida. Dakika ya 30 kanda inakata, na wakati anahangaika kuigeuza bao linafungwa. Hata mwenye C-90 hakuwa salama, dakika za majeruhi zilibaki nje. Kuna mabao ya dakika za mwisho ambayo hayamo kwenye kanda ya mtu yeyote kwa sababu hiyo tu.

Kurudisha kanda nyuma kulikuwa na kalamu ya Bic. Unaipachika kwenye tundu, unazungusha kwa mkono hadi mwanzo, betri zimepona. Kanda mpya ikikosekana ilitafutwa ya zamani. Kanda ya muziki ya dukani haikuruhusu kurekodiwa juu yake kwa sababu ilikuwa na vitundu viwili mgongoni. Ukiviziba kwa karatasi, imekwisha hiyo. Kanda ngapi za Sikinde za akina baba zimezikwa chini ya mechi ya Simba na Yanga, Mungu ndiye anayejua.

Na kinyume chake pia kilitokea. Mechi zilifutwa na muziki, muziki ukafutwa na mahubiri, mahubiri yakafutwa na salamu za harusi. Hapo ndipo sehemu kubwa ya historia ya mpira wa nchi hii ilipopotelea, ndani ya nyumba za watu, bila mtu kukusudia.

CHOGO, DISHI NA JENERETA

Novemba 1993 Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Ugenini 0-0, nyumbani ikalala 2-0. Mechi kubwa kuliko zote ambazo klabu ya Bara ilikuwa imewahi kucheza hadi siku hiyo, na nje ya waliokuwa uwanjani, Bara nzima iliisikia kwa masikio.

Mwaka uliofuata ITV ikaanza. Kanda ya Ziwa ikasubiri kidogo, kisha Mwanza ikapata mambo yake, Radio Free Africa na Star TV. Antena zikaanza kupanda juu ya milingoti ya miti. Mmoja anapanda kuizungusha, mwingine anachungulia dirishani, wa tatu yuko ndani anapiga kelele: "Hapo hapo! Umepitiliza, rudisha!" Picha ikitulia unakuta mpira ni mapumziko. Isipotulia mnaangalia chenga, mnakisia jezi.

Lakini aliyeibadilisha kabisa picha ya mambo alikuwa dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na pembeni yake machimbo ya wachimbaji wadogo ya Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu yakawa yamejaa vijana kutoka Tabora, Kigoma, Mara na Kagera. Umeme hakuna, lakini jenereta lipo. Na penye jenereta na vijana wenye hela ya jana, kibandaumiza hakikawii.

Kuta za mabanzi, juu turubai, chini mabenchi ya mbao. Mbele TV ya chogo moja, inchi 21, watu zaidi ya mia. Nje kuna ubao umeandikwa kwa chaki mechi za leo na saa zake. Mchimbaji anatoka kwenye duara na vumbi lake, analipa mia au mia mbili, anabanwa katikati ya watu. Siku isiyo na mechi inawekwa deki, mikanda ya filamu na ya Kombe la Dunia lililopita, watu wanashangilia bao ambalo wanalijua.

Hapo ndipo Arsenal, Manchester United na Chelsea zilipoingia Geita. Dishi lilikuwa likileta Ligi Kuu ya England kila wikiendi, wakati ligi ya nyumbani ilikuwa ya kubahatisha kuonekana. Kilichofanywa na redio kwa Simba na Yanga kikarudiwa na dishi kwa England: chombo kilileta timu, watu wakaipenda timu iliyoletwa.

Mafuta yakiisha dakika ya 85, mwenye kibanda alikuwa na kazi mbili, kutafuta petroli na kujificha.

KING'AMUZI NA NYAYA TATU

Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, Mwanza ikafuata mwanzoni mwa 2013. Tanzania ikawa ya kwanza Afrika Mashariki kuhamia dijitali. Antena ya mlingoti ikageuka kamba ya kuanikia nguo.

TV ya chogo haikufa siku hiyo. Ilipewa king'amuzi na nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, ikaendelea kudunda. Watani wakasema hata nyaya zina timu, mbili Simba, moja Yanga. Deki ndiyo iliyokwenda moja kwa moja. Hata duniani, kampuni ya Funai ya Japan, ya mwisho kutengeneza deki za mikanda, ilifunga uzalishaji mwaka 2016.

Desemba 2013 Azam TV ikaanza, na mechi za Ligi Kuu Bara zikaanza kuonekana mubashara mfululizo. Mwaka 2021 mkataba wake na TFF ulisainiwa kwa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10.

Kwa ukanda huu, muda ulikuwa mwafaka. Stand United ilipanda mwaka 2014. Mwadui ikapanda mwaka 2015 chini ya Jamhuri Kihwelo 'Julio'. Geita Gold ikapanda mwaka 2021. Kwa mara ya kwanza kamera ilikuwa inaelekezwa huku. Mtu wa Dar alikuwa anaitazama Kambarage, badala ya mtu wa Shinyanga kuisikiliza Dar.

Na timu hizo hazikuwa nyanya. Septemba 2016 Stand iliifunga Yanga 1-0 Kambarage. Oktoba 2019 Mwadui ikaifunga Simba 1-0 hapo hapo. Geita Gold ya Fred Felix 'Minziro' ikamaliza ya nne msimu wake wa kwanza, 2021/22, na George Mpole akachukua kiatu cha mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika, ikatolewa na Hilal Al Sahil ya Sudan kwa bao la ugenini tu baada ya 2-2 ya jumla.

Lakini hakuna iliyodumu. Stand ilishuka 2019, Mwadui 2021, Geita Gold 2024. Sababu za kushuka ni nyingi, pesa, usajili, migogoro. Moja haisemwi sana: timu ya miaka michache Ligi Kuu ilikuwa inagombea moyo wa shabiki na timu ambazo babu yake alizisikiliza kwa betri za kuanika. Shabiki analipa kiingilio siku ya Simba na Yanga, mechi zilizobaki anaiachia timu uwanja mtupu.

KIZAZI CHA KITOCHI

Dalili kwamba mambo yanaweza kubadilika zipo, na zimeanzia kwenye vifaa vile vile. Simu ya kitochi yenye redio, ambayo waya wake wa masikioni ndio antena, inamfuata mchimbaji hadi mdomoni mwa duara. Na siku hizi inashika vituo vya nyumbani. Shinyanga kuna Radio Faraja, Kahama kuna Kahama FM, Geita kuna Storm FM. Mtangazaji wa huku anaweza kulitaja jina la kijana wa huku mara 50 kwa siku. RTD haikuwa na nafasi hiyo.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 Geita mwaka 2022 alilikuta jina la Mpole likiwa juu ya la Mayele. Hilo ni jambo ambalo baba yake hakuwahi kulipata. Timu ikirudi, huyo ndiye shabiki wa kwanza wa kumtafuta.

Jambo la pili haliwezi kusubiri timu irudi. Fainali ya Yanga na USM Alger ya 2023 na ile ya Simba na RS Berkane ya 2025 zimejaa kwenye simu, mtu anairudia anapotaka. Ya 1993 na mechi za nyuma yake hazina bahati hiyo. TBC ilirithi maktaba ya RTD, lakini zile kanda ambazo mashabiki walijirekodia wenyewe hazina mlinzi. Zimo kwenye maboksi ya viatu huku Shinyanga, Kahama na Geita, na kila masika ukungu unazila kidogo.

Kuziokoa zile ambazo hazijaota ukungu hakuhitaji mtaalamu. Kanda ikaushwe kivulini, izungushwe taratibu kwa kalamu mwanzo hadi mwisho ili isinate, ipigwe kwenye redio kaseti yoyote inayofanya kazi, na simu iwekwe pembeni ikirekodi. Kisha mzee aliyerekodi aulizwe siku ile ilikuwaje, naye arekodiwe. Klabu za ukanda huu zina matawi na vijana wenye simu za kazi hiyo.

Wazee waliosikiliza 6-0 ya mwaka 1977 wakiwa na miaka 20 sasa wanakaribia 70. Kanda zinaweza kufutika, na wao pia hawatakuwepo siku zote. Mwenye babu wa aina hiyo na boksi la kanda uvunguni, mechi ya kwanza ya wikiendi hii aanzie hapo.